Chora Mfereji Kabla ya Dirisha

Nyumba ya mapumziko mlimani ichorwe kwa ajili ya siku ambazo mwenyewe hayupo. Hilo ndilo neno langu katika insha hii, na najua kuna watakaolicheka. Watasema nyumba huchorwa kwa ajili ya mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye anayetoa fedha na ndiye atakayelala humo. Ni kweli atalala humo, lakini mara ngapi? Hesabu mwenyewe, msomaji: wiki moja ya Krismasi na Mwaka Mpya, siku kumi za mwezi wa Agosti, na wikendi mbili tatu za harusi na misiba. Siku zilizobaki, zaidi ya 300, nyumba inabaki na zamu wa kuilinda, na mvua, na sisi tunaokaa chini yake.

Mimi natoka Muganza, wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda. Kongo iko ng'ambo ya mto Rusizi, Burundi iko ng'ambo ya Ruhwa. Bonde letu la Bugarama ndilo eneo la chini kuliko yote nchini. Joto lake si la mzaha, na mpunga wake unaliwa hadi Kigali. Lakini ukiinua macho unaona milima, na upande wa kaskazini-mashariki milima hiyo inapanda mpaka msitu wa Nyungwe, ambako kilele cha Bigugu kinapita mita 2,900. Kwa mwendo wa saa chache tu mtu anatoka kwenye joto la kuvua shati hadi kwenye baridi ya kuvaa koti. Ndiyo maana wenye uwezo wanatamani kilima: hewa safi, ukungu wa asubuhi, na kwa wanaojenga upande wa Kamembe na Nyamasheke, Ziwa Kivu linalong'aa kule chini.

Siwalaumu kwa tamaa hiyo. Kupumzika si dhambi, na kukimbilia mlimani si jambo la jana. Wajerumani walipotawala Tanganyika walikimbia joto la pwani wakapanda Lushoto, ambayo waliiita Wilhelmsthal. Wabelgiji walijenga majumba yao kwenye rasi za Bukavu, mji waliouita Costermansville. Leo wanaojenga ni ndugu zetu: mfanyabiashara wa Kigali, daktari anayefanya kazi Ulaya, mtoto wa kilima hiki hiki aliyefanikiwa. Wenye nyumba wamebadilika, lakini mchoro ni ule ule. Bado unaanza na dirisha.

Tazama kazi inavyokwenda. Mtu ananunua kiwanja kwenye mteremko kwa sababu ya mandhari. Anafungua simu, anamwonyesha msanifu picha ya nyumba ya Uswisi au Afrika Kusini: sebule ndefu, ukuta mzima wa kioo, baraza linaloning'inia juu ya bonde. Msanifu anachora. Ili sakafu yote iwe bapa, kilima kinakatwa kama mkate, na udongo uliokatwa unamwagwa upande wa chini ili kuongeza uwanja. Juu yake yanawekwa matofali ya saruji ya kuegesha magari matatu. Ukuta wa mawe unazungushwa kuzuia udongo. Geti linafungwa. Mwenye nyumba anapiga picha wakati jua linazama, kisha anarudi kazini.

Sasa linganisha kalenda yake na kalenda ya kilima. Yeye anakuja wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa sababu barabara ni kavu na watoto wako likizo. Mvua kubwa zetu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba. Hata anapokuja Desemba anakuta mvua inaelekea kuisha. Mwezi wa Aprili, kilima kinapokuwa kimelowa hadi ndani na kila tone linatafuta pa kupita, yeye yuko ofisini, mbali. Nyumba yake inafanya kazi bila yeye. Inakusanya maji na kuyatupa. Ukimwuliza maji ya paa lake huenda wapi, hawezi kukujibu. Hajawahi kuyaona.

Tufanye hesabu ndogo ya shule ya msingi. Chukua nyumba yenye paa la mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180. Ongeza uwanja uliotandikwa saruji wa mita za mraba 220. Jumla ni 400. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu huku kwetu, inaleta lita 50 juu ya kila mita ya mraba. Zidisha: lita 20,000. Kwa kipimo chetu, hayo ni majerikani 1,000 ya lita 20. Kabla ya nyumba, mahali hapo palikuwa na migomba, maharage na majani. Mizizi ilikunywa sehemu, udongo ukanyonya sehemu, na yaliyobaki yakashuka polepole, yametawanyika. Sasa bati na saruji havinywi kitu. Majerikani yote 1,000 yanakusanyika na kutoka kwa kishindo kwenye bomba moja au mawili, mahali ambapo mchoraji aliona hapaharibu sura ya nyumba. Mahali hapo, mara nyingi, ni nyuma ya ukuta wa mpaka. Yaani kwetu.

Shangazi yangu anakaa chini ya nyumba ya namna hiyo. Sitataja mwenyewe ni nani, maana si mtu mbaya. Kila akija hutusalimia na watoto huwapa biskuti. Lakini tangu bomba la uwanja wake lielekezwe kwenye mteremko, kipande cha shamba la shangazi kimechimbika mfereji ambao mtoto wa miaka sita akisimama ndani huonekani kichwa tu. Maharage ya upande ule hayapo tena. Ukuta wa jikoni lake umepasuka kutoka msingi hadi dirishani. Alipokwenda kusema, alimkuta zamu, na zamu akamjibu kwa heshima zote: "Mama, mimi nimeachiwa funguo, sikuachiwa maji." Sijasikia maelezo bora zaidi ya tatizo letu. Hakuna aliyeachiwa maji.

Na maji hayaishii kwa shangazi. Yanachukua udongo na kushuka nao hadi bondeni, kwenye mifereji ya mpunga, ambako wakulima wanazibua kwa koleo tope walilotumiwa na watu wasiowajua.

Kuna watakaosema naikuza habari ya ukuta wa jikoni. Basi tuangalie ukubwa wake halisi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi hii, Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu, ikaua watu zaidi ya 130, wengi wakiwa wamelala ndani ya nyumba zao. Sisemi kwamba nyumba za mapumziko ndizo zilizowaua. Mvua ile ilikuwa kubwa na sababu ni nyingi. Nasema kwamba baada ya usiku ule hakuna Mnyarwanda mwenye haki ya kuchora nyumba kwenye mteremko bila kujua maji yake yataenda wapi. Ng'ambo ya mpaka, Bukavu, katika mtaa wa Funu, ardhi ya mteremko imekuwa ikisogea kidogo kidogo kwa miaka mingi, na nyumba zilizo juu yake zinapasuka na kurekebishwa na kupasuka tena. Mlima unatembea, ila hatua zake ni fupi.

Tena mlima wetu hutikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Upande wa Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao wakiwa kanisani. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini wakubwa wetu hawajasahau. Sasa niambie: katika nchi iliyotikisika hivyo, ukuta mrefu wa mawe usio na matundu ya kutolea maji, uliobeba udongo laini uliomwagwa jana, na juu yake nyumba ya vioo yenye paa zito la vigae, ni mapumziko ya nani?

Najua hoja tatu nitakazotupiwa, na nitazijibu moja moja.

Ya kwanza: "Kiwanja ni changu, nina hati." Sawa. Hati yako ina mipaka minne iliyopimwa. Maji hayajasoma hati. Ukiyaacha yatoke ndani ya mipaka yako kwa nguvu ambayo hayakuwa nayo kabla hujajenga, basi umekwisha kujenga kwenye kiwanja cha jirani, ila umejenga shimo.

Ya pili: "Nimewapa vijana kazi." Ni kweli, na tunashukuru. Fundi alilipwa miezi minane. Mfereji wa shangazi utadumu zaidi ya miezi minane. Mtu akikupa mshahara kwa mkono mmoja na kukuchukulia shamba kwa mkono mwingine, huwezi kusema umebaki na faida mpaka upige hesabu ya mikono yote miwili.

Ya tatu ndiyo inayotolewa na wasanifu: "Kujenga kwa kufuata mlima ni ghali, tena kunaharibu uzuri." Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011, imejengwa juu ya kilima, na kuta zake ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa hapo hapo. Watu husafiri kutoka nchi nyingine kuja kuitazama kwa uzuri wake. Kama hospitali ya wagonjwa imeweza kukaa juu ya kilima kwa heshima, nyumba ya mtu wa likizo inashindwaje? Hata kwenye hoteli za kifahari karibu na hifadhi ya Volkano, Bisate iliyofunguliwa mwaka 2017 iligawa vyumba vyake katika majengo madogo ya mviringo, kila kimoja peke yake kwenye mteremko, kwa umbo linalokumbusha nyumba ya mfalme kule Nyanza. Bei ya kulala pale sitaitetea. Lakini haikuhitaji kulaza jumba moja bapa juu ya kilima ili mgeni aone mlima. Uzuri na busara vinaweza kukaa nyumba moja.

Na gharama? Chukua mteremko unaopanda mita 3 kwa kila mita 10. Nyumba yenye kina cha mita 12, ikitaka sakafu moja bapa, inalazimisha tofauti ya mita 3.6 kati ya nyuma na mbele. Hapo lazima ukate sana, umwage sana, na ujenge ukuta mrefu, ambao ndio unaokula fedha. Nyumba hiyo hiyo ukiigawa katika ngazi tatu za mita 4, kila ngazi inapishana na nyingine kwa mita 1.2 tu. Sebule chini, meza ya chakula katikati, vyumba juu, na ngazi chache za kuunganisha. Unachimba kidogo, udongo wa kumwaga unapungua, na dirisha lako la mandhari bado lipo; tena vyumba vya nyuma navyo vinaona bonde kwa sababu viko juu zaidi. Wazee wetu walilima miteremko hii hii kwa matuta ya ngazi. Jembe lililijua jambo hili kabla ya kompyuta.

Basi nyumba hiyo ichorwe vipi? Nasema mstari wa kwanza kwenye karatasi uwe mstari wa maji. Kabla ya sebule, msanifu apande kilima wakati wa mvua, si Julai, aone maji yanatoka wapi na yanapita wapi. Juu ya nyumba uchimbwe mtaro wa kufuata usawa wa kilima, wa kupokea maji yanayoshuka na kuyapitisha pembeni. Uwanja usitandikwe saruji yote. Magari yakanyage mawe na majani. Ukuta wa kuzuia udongo uwe mfupi, uwe na matundu, au ujengwe kwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo hupitisha maji badala ya kushindana nayo. Udongo uliochimbwa upandwe majani wiki hiyo hiyo, usiachwe uchi hadi mvua ya kwanza. Paa liwe jepesi, na kuta zifungwe kwa mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, kwa sababu ya siku kama ile ya 2008.

Halafu tangi. Hapa ndipo ilipo siri ya nyumba isiyo na mtu. Wengi huweka tangi la lita 5,000 wakidhani wamemaliza. Lile paa la mita za mraba 180 linalijaza tangi hilo kwa mvua ya milimita 28 tu. Nyumba ya kukaa kila siku ingeyatumia maji hayo: watu wangeoga, wangefua, wangepika, na tangi lingepata nafasi. Nyumba ya mapumziko haina wa kuoga. Tangi linajaa mwezi wa Machi, na kuanzia siku hiyo ni kama halipo. Kila mvua inayofuata inamwagika nje. Tangi lililojaa siku zote halizuii kitu.

Dawa yake ni rahisi, na haina gharama ya maana: weka bomba moja nje ya ukuta. Bomba la majirani. Watoto wanaotembea na majerikani hadi kisimani wachote hapo. Kila jerikani linalotoka linaacha nafasi ya lita 20 za mvua ya kesho. Mwenye nyumba hapotezi kitu, maana maji hayo yangemwagika; na shamba la chini linapona, maana hayakumwagika. Na yatakayozidi hata hapo, yapelekwe kwa mfereji wa mawe hadi kijitoni au kwenye shimo la kunyonya, si kwa shangazi ya mtu. Msanifu ambaye hajachora bomba hilo hajamaliza kuchora nyumba ya mapumziko.

Na kwa kuwa sisi tunaosoma kitabu hiki ni wanafunzi wa Kiswahili, naomba tusikae pembeni tukasema hayo ni mambo ya wahandisi. Mchoro wa nyumba hizi huja umeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Fundi mkuu, huku kwetu Bugarama, mara nyingi huongea na wenzake kwa Kiswahili, maana wengine wametoka Kamanyola, Uvira au Bukavu. Vibarua huongea Kinyarwanda. Dirisha halihitaji tafsiri. Picha yake inaonekana. Lakini sentensi ndogo chini ya karatasi, ile inayosema maji yaelekezwe wapi, inabaki pale pale karatasini. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Urasmi huo una faida gani kama hauwezi kushuka hadi kwenye msingi wa nyumba?

Na msinidanganye kwamba lugha yetu haina maneno ya kazi hii. Huko Machakos, Kenya, wakulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu, ili ukingo upunguze mbio za maji. Njia hiyo inaitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo wa duniani wanaiandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katikati ya vitabu vyao vya Kiingereza. Katika jambo la kumzuia mlima asishuke, dunia imekopa kwetu. Ni aibu kwamba tunarudi kukopa picha ya baraza.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Mosi, kabla kibali cha nyumba ya mlimani hakijatolewa, wakaazi wa chini yake waitwe, waonyeshwe mchoro na waulizwe kwa lugha wanayoielewa: maji haya yatapita wapi? Tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya umuganda, tukizibua mifereji kwa mikono yetu. Nusu saa baada ya kazi inatosha. Pili, mwenye nyumba amwachie zamu maji pamoja na funguo: namba ya simu, koleo, na ruhusa ya kuzibua mfereji bila kusubiri Agosti.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba ya mapumziko ni mgeni juu ya kilima chetu, na siku mbili zake zimekwisha zamani. Tunaipokea, tena kwa mikono miwili. Lakini sasa ishike jembe, na kazi ya kwanza ya jembe hilo ni kuchimba mfereji.